Kilo Ishirini na Tatu

Huko Oslo dada wa kaunta aliniambia nimezidisha,
kilo moja na nusu. Nikafungua sanduku sakafuni
mbele ya watu waliokuwa wanakwenda kuota jua,
nikatoa viatu vya baridi, nikatoa kitabu.
Soksi za sufu nikaziacha ndani.
Aliziagiza Babu mwezi wa tano:
"Miguu yangu, Minza, imeanza kuishi nchi yako."

Walimzika Jumanne.
Mimi Jumanne nilikuwa Addis, kwenye kiti cha chuma,
naangalia simu: picha ya turubai, picha ya masufuria,
picha ya shimo, nani aliipiga sijui,
kisha chaji ikaisha.

Mwanza ni mawe. Nilikuwa nimesahau ni mawe kiasi hiki,
yamebebana migongoni kama watoto wa mama mmoja.
Shija alinipokea kwa pikipiki, sanduku mbele juu ya tangi,
tukapita Igombe, tukapita dagaa walioanikwa,
ziwa likituchungulia kushoto kila penye mwanya,
na hatukusema kitu mpaka Kayenze.

"Mwangaluka," nikasema mlangoni, ulimi ukateleza kidogo.
Shangazi Kwandu hakujibu. Alinishika mashavu
akaanza kulia upya, kilio alichoniwekea tangu Jumanne
kama mtu anavyofunikiwa chakula.

Babu alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika.
Mizani yake bado inaning'inia kwenye boriti ya kibanda:
uso wa saa, mshale mmoja, ndoano.
Chama kilikufa, ghala likarithiwa na popo,
yeye akabaki na mizani
na neno lililomfuata kilabuni na kanisani:
mizani ya Lugembe inakula kilo mbili.
Hakuwahi kulijibu. Aliipangusa kwa mafuta ya taa
kila Jumamosi, basi.

Na kila Desemba alitutia wajukuu kwenye gunia,
mmoja mmoja, akatutundika, akasoma, akaandika.
Daftari nimelikuta chini ya godoro la Bibi.
Minza, kumi na nane na nusu.
Minza, ishirini na mbili.
Minza, arobaini, gunia limechanika.
Halafu, kwa mwandiko uleule uliosimama wima,
Minza, hayupo.
Hayupo.
Hayupo.
Miaka tisa, hakuruka hata mmoja.
Jina lake mwenyewe nililitafuta mpaka taa ikazimika.
Halimo. Mpimaji hapimwi.

Soksi kavaa Bibi, ndani ya kandambili,
kwenye jua la saa nane.
"Zinawasha," anasema, na hazivui.

Siku ya kurudi nilifunga michembe, karanga,
kitenge tulichoshona sare wote.
Daftari walikataa lisitoke.
Shija akatundika sanduku kwenye ndoano;
mshale ukaruka, ukapitiliza, ukarudi, ukatulia
ishirini na tatu.
Baba mdogo Maduhu akacheka kwa pua:
"Ongeza mbili za mzee."
Jirani aliyekuja kuazima pampu akatazama pembeni.
Bibi hakucheka. Alisema tu, "Nenda nalo hivyohivyo."

Uwanjani kijana wa kaunta hakuinua macho.
Sanduku likapanda. Namba nyekundu zikahangaika,
ishirini na mbili na kitu, ishirini na nne, zikashuka, zikakaa.
"Ishirini na tatu, nukta sifuri. Pita, dada."

Sikupita.
Watu nyuma yangu wakaanza kuguna.
"Soma tena," nikamwambia. "Tafadhali.
Kwa sauti."